Sahihi Kumi za Mama Muhuri

Kama gazeti la wiki iliyopita limeshafungiwa sabuni dukani, usihangaike, msomaji wangu, nitakukumbusha. Tulimwacha Mama Muhuri amesimama mbele ya meza ya Meja, karatasi mkononi, macho yamemtoka. Chini ya karatasi ile palikuwa na sahihi yake mwenyewe, na karatasi yenyewe hakuwahi kuiona maishani.

Ilikuwa amri ya kijeshi. Kombania ya Stoo, watu sitini na wanne, waondoke leo saa nne kamili asubuhi kwenda Darajani.

Darajani ndiko wanajeshi wa serikali iliyoangushwa walikojichimbia ng'ambo ya mto. Watu wa Stoo walikuwa na mafunzo ya siku tisa, na bunduki ishirini na moja kwa wote. Kazi yao ilikuwa kugawa viatu na mablanketi.

Na mmoja wa hao sitini na wanne ni mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini.

"Sikusaini hii," alisema.

"Sahihi hiyo ni ya nani, mama?" Meja aliuliza. Alikuwa mtu wa adabu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Yangu."

"Na muhuri?"

"Wangu."

"Basi umesaini."

"Meja, nakwambia sikusaini! Ifute. Hao hawajui hata kulenga."

"Hilo nami nimeliona," alisema Meja. "Nilishangaa asubuhi nilipoipokea. Lakini mimi ni nani? Jeshi sasa ni la raia. Raia wakisema nenda, tunakwenda. Kufuta siwezi. Kanuni ya Saba."

Mama Muhuri alihisi damu ikimpanda kichwani, kwa sababu Kanuni ya Saba aliiandika yeye.

Nieleze kidogo, halafu tukimbie. Serikali ilipoanguka, Baraza la Mapinduzi liliapa kwamba jeshi halitajiongoza tena lenyewe. Litaongozwa na raia. Maneno matamu hayo. Lakini raia gani? Walitafuta mtu anayejua karatasi, asiyekula rushwa, asiyetishwa na makelele. Wakampata Posta Kuu, kwenye ukumbi wa kupangia barua, alikokaa miaka ishirini na miwili bila kupoteza hata moja. Wakampa cheo cha Katibu wa Jeshi, na Kamati ya raia watano, yeye akiwa mmoja wao. Jina la Mama Muhuri alilipata kwa askari, na hawakumpa kwa mapenzi.

Hakuhama ukumbi wake. Jeshi zima alilipanga humo humo, kila kombania na kijisanduku chake cha barua, kisha akaandika kanuni. Ya Kwanza: askari hawekwi mahabusu bila sahihi ya Katibu, maana katika jeshi la zamani vijana walikuwa wakipotelea huko. Ya Pili: hakuna amri bila sahihi ya Katibu. Zikaendelea hivyo mpaka ya Saba, aliyoiandika kwa hasira siku kapteni mmoja alipomwekea bastola mezani ili afute amri ya kupeleka mablanketi hospitali. Kanuni ya Saba inasema amri iliyokwisha kusainiwa haifutwi na mtu mmoja. Inafutwa kwa sahihi tatu za wajumbe wa Kamati.

"Mimi niliipinga kanuni hiyo," Meja alisema taratibu. "Nilisema itatusumbua. Unakumbuka ulivyonijibu?"

Alikumbuka. Alimjibu kwamba jeshi lizoee kusumbuka.

"Umeiba fomu ofisini kwangu," alisema Mama Muhuri.

Meja aliinuka. Uso wake ulibadilika.

"Nimekuwa askari miaka ishirini na tisa, mama. Nimefanya mengi ambayo nikiyakumbuka nakosa raha. Droo ya mwanamke sijawahi kufungua. Niletee sahihi tatu kabla ya saa nne. Ukizileta, nitazima magari kwa mkono wangu mwenyewe. Usipozileta, yanaondoka."

Mama Muhuri alitoka bila kuaga, akavuka barabara, akaingia Posta, na kwenda moja kwa moja kwenye kijisanduku cha Barua Zisizo na Mwenyewe. Humo ndimo alimoficha ufunguo wa droo, miaka yote ishirini na miwili.

Sasa hapa, msomaji, sogea nikunong'oneze, maana siri hii hajamwambia mtu yeyote. Wafanyakazi wa Posta wana tabia moja. Asubuhi, kabla foleni haijafika dirishani, wanagonga mihuri fomu tupu za rejista, rundo zima, ili watu wakija iwe kujaza tu. Ni kosa kisheria, na kila mtu anafanya. Mama Muhuri alipoanza kusaini amri mia kwa siku mkono ukamvimba mpaka kijiko kikamshinda. Wiki mbili zilizopita alifanya kama alivyozoea. Alisaini fomu tupu kumi za amri, akazigonga muhuri, akazifungia kwenye droo ili azijaze kazi zitakapombana.

Droo ilikuwa imefungwa vizuri. Akaifungua, akahesabu.

Zilikuwa tano.

Akahesabu tena, kwa kulamba kidole kama karani. Tano. Kama amri ya Stoo ni moja, bado nne zimo mikononi mwa mtu, na mtu huyo anaweza kuandika lolote atakalo juu ya sahihi ya Mama Muhuri. Aketi wapi? Apige kelele wapi? Akisema hadharani kwamba alisaini karatasi tupu, maofisa watacheka mpaka walie: mtazameni raia wenu! Kabla ya jua kutua Kamati itakuwa imevunjwa, jeshi limerudi kwa wenyewe, na vijana wameanza tena kupotelea mahabusu.

Afanye nini? Akaandika karatasi ya kufuta amri, akasaini. Sahihi ya kwanza hiyo.

Wajumbe wawili wa Kamati walikuwa safarini na Baraza, wasingerudi kabla ya kesho. Walibaki wawili mjini, Daktari wa Meno na Mwenyekiti. Hakuna wa akiba.

Nje alimkuta dereva wake, mwanamke mmoja mnene mwenye ulimi mkali, aliyekuwa akisambaza mikate kabla ya mapinduzi. Gari lilikuwa lile lile la mikate.

"Kwa Daktari wa Meno," Mama Muhuri alisema. "Mbio."

"Jino, bosi?"

"Laiti lingekuwa jino."

*

Daktari wa Meno alikuwa na mgonjwa kitini, mzee mpana aliyejazwa pamba mdomoni. Daktari alikuwa mtu mpole, mpole mpaka unatamani kumtikisa. Aliipokea karatasi, akasafisha miwani, akasoma. Akarudia kusoma.

"Hii inafuta amri uliyoisaini wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini uliisaini?"

"Daktari, nakuomba. Weka sahihi, maelezo baadaye. Watu sitini na wanne wanapanda malori sasa hivi."

"Haraka haraka haina baraka, Katibu. Kanuni ya Saba inataka kikao. Kikao kinataka muhtasari."

"Kanuni ya Saba niliiandika mimi!"

"Na uliiandika vizuri sana," alisema Daktari kwa dhati. "Ndiyo maana naifuata."

Mgonjwa akaguna kitu ndani ya pamba.

"Anasema nini?" aliuliza Mama Muhuri.

"Anasema akidi ni watatu. Alikuwa hakimu, huyu."

Mama Muhuri alitaka kulia. Hakulia. Alichukua kadi ya mgonjwa juu ya meza, akaigeuza nyuma, akaandika muhtasari wa kikao akiwa amesimama, huku Daktari akimsomea mambo ya kuandika na mkono mmoja ukiwa ndani ya kinywa cha hakimu. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ajenda ya pili, kuthibitisha ajenda. Mama Muhuri aliuma meno.

"Mengineyo?" aliuliza Daktari.

"Hakuna mengineyo!"

Hakimu akainua kidole, akaguna tena.

"Anauliza mjumbe wa tatu yuko wapi."

"Namfuata! Nikisainiwa hapa namfuata!"

Daktari alinawa mikono. Akaifuta, kidole kimoja kimoja. Kisha akasaini, pole pole, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mialiko ya harusi.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na tano.

"Bosi," alisema dereva garini, akikata kona mpaka trei za mikate zikagongana nyuma, "mimi nilidhani tulipindua serikali ili mambo yaende upesi."

"Nyamaza uendeshe."

"Nimenyamaza. Ila zamani ukitaka mkate ulipewa mkate. Sasa unapewa kikao."

Kila kizuizi njiani siku hiyo alikiweka Mama Muhuri mwenyewe, kwa kalamu yake, kwa nia njema. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa ndani mpaka kidevuni.

*

Mwenyekiti alikuwa karakana ya mabasi, juu ya pipa, na kipaza sauti. Kabla ya mapinduzi alikuwa mshereheshaji wa harusi, na sauti yake ndiyo iliyompandisha. Mafundi walikuwa wamemzunguka, mikono imejaa grisi.

"Na leo hii," alinguruma, "saa nne kamili, kombania yetu ya kwanza ya raia watupu inakwenda Darajani! Makofi tafadhali!"

Makofi na miluzi. Mama Muhuri alipenya katikati ya watu, akamshika suruali.

"Shuka."

"Katibu, nimo katikati ya..."

"Nimesema shuka!"

Walisimama nyuma ya basi lililong'olewa injini. Mama Muhuri akamfunulia karatasi. Mwenyekiti akasoma, akarudisha.

"Nimeshatangaza," alisema. "Watu wamepiga makofi. Nikapande tena niseme nini? Samahani, tumeahirisha?"

"Ndiyo! Sema hivyo hivyo! Mwenyekiti, hao ni wagawa viatu. Watu sitini na wanne na bunduki ishirini na moja. Hawatafika jioni."

"Na umejua leo?"

"Nimejua leo. Wewe je, umejuaje mapema hivyo?"

"Mimi na Meja tunaongea. Lazima mmoja wetu aongee na Meja." Ile sauti ya harusi ilikuwa imemtoka. "Nikuulize kitu kimoja. Mdogo wako yumo Stoo, au hayumo?"

Mama Muhuri aliikunja ile karatasi.

"Yumo."

"Ahaa."

"Hilo si hoja. Wamo wengine sitini na watatu."

"Nani alimpeleka Stoo? Vijana wote wa umri wake wako mstari wa mbele. Yeye anapanga viatu. Nani alisaini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alikuwa amejiuliza mwenyewe, usiku mmoja tu, kisha akajikataza. Mama yao alipofariki, mtoto alikuwa na miaka sita. Yeye ndiye aliyemwogesha, akamsomesha, akamlaza chini ya meza ya kupangia barua siku za shule kufungwa. Sasa ana miaka ishirini na minne, na alijiandikisha jeshini bila kumwambia. Jina lake lilipofika mezani, kalamu ya Mama Muhuri ilikwenda Stoo yenyewe.

"Mimi," alisema.

"Mwanangu wa kwanza yuko Darajani huu mwezi wa pili," alisema Mwenyekiti. "Amri yake aliisaini nani?"

Mama Muhuri aliinamisha macho.

"Nilikuja kwako? Nilikushika nguo mbele za watu? Nilisema huyu asiende, ni damu yangu? Nilikaa kimya, dada yangu. Mke wangu mpaka leo haniandalii chakula. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisaini."

"Mwenyekiti..."

"Sisaini! Na siku utakapotakiwa kusaini jambo linalomuuma mtu wako, tutakuona utafanyaje."

Akarudi kwenye pipa lake. Kipaza sauti kikalia, kisha sauti ikaanza upya, nzuri, nzito, kama hakuna lililotokea.

Mama Muhuri alibaki nyuma ya basi na karatasi yenye sahihi mbili. Alimkasirikia Mwenyekiti, na Daktari, na hakimu na kidole chake, na Meja na shati lake. Lakini lililomchoma zaidi ni kwamba Mwenyekiti alisema kweli, na kweli haina pa kuipigia teke.

Saa tatu na dakika arobaini.

"Kambini," alimwambia dereva.

"Tumepata?"

"Hatujapata."

Dereva akamwangalia mara moja, akaendesha.

*

Malori matatu yalikuwa yamepangwa uwanjani. Watu wa Stoo walikuwa wakipanda, wengine na bunduki, wengine na mablanketi yaliyokunjwa vizuri, maana kukunja wanajua. Mama Muhuri alimwona mdogo wake kwenye lori la kwanza, kofia imemkaa upande. Akamvuta mguu.

"Shuka hapo."

"Dada, usinitie aibu mbele za watu."

"Shuka, nina la kukwambia!"

Alishuka. Wenzake walikohoa kikohozi cha kucheka. "Askari wa Stempu ameitwa nyumbani!" alisema mmoja.

Alimpeleka pembeni, karibu na matairi.

"Nisikilize. Amri hii ni ya wizi. Kuna mtu amefungua droo yangu na kuiba fomu. Hampaswi kwenda popote. Nimehangaika tangu saa mbili..."

"Najua, dada."

"Unajua nini?"

"Najua ni ya wizi." Aliinyoosha kofia yake. "Nimeiba mimi."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Mama Muhuri alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati la shule kana kwamba ni mgeni.

"Ufunguo uko kwa Barua Zisizo na Mwenyewe," alisema kijana. "Nimejua tangu nina miaka saba. Nilichukua moja tu, nikaijaza. Nikaandika kombania nzima kwa sababu ningeandika mtu mmoja ungejua ni mimi."

"Umewauza wenzako sitini na watatu ili unikimbie mimi?"

"Sikuwauza. Tulipiga kura stoo. Walinyoosha mikono wote. Raia ndio wenye kuamua, si ndivyo unavyotuambia kila siku?"

"Mtakufa, mpumbavu wewe!"

"Dada, miezi miwili nagawa viatu." Sauti yake ilishuka. "Namfunga mtu viatu namba nane, ananiambia asante kaka, anakwenda. Baada ya wiki kiatu kinarudi kwenye gunia. Nakisafisha, nampa mwingine. Kuna jozi moja nimeigawa mara nne. Mara nne, dada! Nami nimekaa humo kwa sababu mimi ni wako. Unadhani hawajui? Kambi nzima inajua."

Alitaka kumpiga kofi. Alitaka kumkumbatia. Hakupata nafasi ya lolote, maana Meja alikuwa amefika, saa mkononi.

"Sahihi tatu, mama?"

"Mbili."

"Pole sana." Na ilionekana kweli anasikitika. Akageuka. "Pandeni! Washa magari!"

Injini tatu zikanguruma pamoja. Mdogo wake alimbana mkono kidogo, akapanda lori.

Fikiria, msomaji. Miezi mitatu ya kazi. Kanuni kumi na nne. Jeshi zima kwenye vijisanduku. Akifungua mdomo, vyote vinaanguka. Akifunga mdomo, malori yanapita getini.

Mama Muhuri alitembea mpaka mbele ya lori la kwanza, akasimama katikati, mikono kiunoni, kama anayewafukuza watu dirishani muda wa kazi ukiisha.

"Zima!"

Dereva wa lori alimtazama Meja.

"Usimtazame yeye, nitazame mimi! Nimesema zima! Nimechoka! Mnanisikia? Nimechoka kabisa!" Akagonga boneti. "Amri hii si amri. Niliisaini ikiwa tupu. Nilisaini fomu kumi tupu, nikazifungia kwenye droo ili nipunguze kazi, na hii imeibwa. Kosa ni langu. Mkitaka kucheka, chekeni mkiwa hai."

Hakuna aliyecheka. Meja ndiye aliyesogea, taratibu, uso hauonyeshi furaha wala hasira.

"Kumi," alisema. "Na hii, nani aliijaza?"

"Sijui."

Miaka ishirini na miwili ya kazi, na huo ndio uongo wake wa kwanza. Aliusema vibaya. Kila mtu uwanjani aliuona.

Buti zikagonga ardhi nyuma yake.

"Mimi, afande," alisema mdogo wake. "Niliijaza mimi."

"Nyamaza!" alipiga kelele Mama Muhuri.

"Niliiba, nikaijaza. Dada hakujua."

Meja aliinua mkono. Injini zikazimwa, moja, ya pili, ya tatu, na kwenye ule ukimya Mama Muhuri akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hawaendi. Wote sitini na wanne wamesimama hapa kwenye jua, wazima, wanakunja tena mablanketi yao.

"Askari aliyeghushi amri wakati wa vita," Meja alisema, "anajua kinachomsubiri. Si mimi niliyeandika hiyo, ilikuwepo kabla yetu wote. Sajenti, mchukue."

"Hamchukui," alisema Mama Muhuri.

Sauti yake ilikuwa imerudi. Hata tabasamu lilikuwa linanyemelea.

"Kanuni ya Kwanza, Meja. Askari hawekwi mahabusu bila sahihi ya Katibu. Uliipinga hiyo nayo, nakumbuka. Na mimi sisaini. Leo sisaini, kesho sisaini. Katafute sahihi popote utakapoiona."

Kutoka juu ya malori zikasikika sauti za kumuunga mkono. Sajenti alisimama, mkono hewani, hajui aushushe au la.

Meja hakubisha. Alifungua kifungo cha mfuko wa shati lake, taratibu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjulia juu ya boneti la lori. Akailainisha kwa kiganja.

Fomu ya amri. Juu tupu. Chini, sahihi ya Mama Muhuri na muhuri wake, mweusi, safi, haujafutika hata pembe.

"Mimi sikufungua droo yako, nilikwambia," alisema. "Mwenyekiti aliniletea hii Jumatatu. Sikujua ilikotoka. Alisema umeiacha kwake kwa dharura. Alisema ipo siku itatakiwa sahihi, na wewe utakataa, na siku hiyo nitaelewa kwa nini aliniletea."

"Hiyo ni tupu," Mama Muhuri alisema. "Nimeshasema mbele ya watu wote. Nilisaini tupu. Haina nguvu."

"Fomu aliyoijaza askari mwizi haina nguvu, nakubali. Hii itajazwa na ofisa mwenye madaraka. Nimezisoma kanuni zako, mama, zote kumi na nne, usiku kwa usiku. Zinasema amri iwe na sahihi ya Katibu. Hazisemi mahali popote kama sahihi itangulie maandishi au iyafuate."

Alikuwa sahihi. Kanuni ile Mama Muhuri aliijua neno kwa neno, na neno hilo hakuliandika, kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwenye akili timamu atakayesaini kabla ya kusoma.

"Ifute, dada," alisema mdogo wake kwa sauti ndogo, ile ile ya chini ya meza ya barua. "Si unaweza kuifuta?"

Sahihi tatu. Na ya tatu iko juu ya pipa, karakana ya mabasi, inapigiwa makofi.

Meja akatoa kalamu, akaifungua kifuniko, akainama juu ya boneti. Hakuwa na haraka. Aliandika tarehe kwanza, akaandika saa, kisha akainua kichwa na kumtazama Katibu wa Jeshi kwa adabu yake yote.

"Kambini tunamwita Askari wa Stempu," alisema. "Jina lake kamili ni nani, mama? Nataka nisilikosee."